Nimemtaja Baba Mkwe kwa Jina

Ijumaa, 18 Desemba 2009
Machakos

Mawingu yamelala juu ya milima ya Iveti tangu asubuhi, mjini ni tope tupu, na mimi nina furaha ambayo sijui niiweke wapi. Nimeacha magauni ya Krismasi ya watu bila vifungo, nikaja hapa saiba, kwenye kompyuta za kulipia, na mwavuli uliovunjika mbavu, kwa sababu nisipoandika leo nitapasuka.

Wenye magauni mnisamehe. Mtavaa tu, Krismasi bado.

Jana nimefanya jambo ambalo mke wa Kikamba hafanyi, na mke wa Kitaita vilevile hafanyi, na nimelifanya kwa sauti, macho yamefungwa, mbele ya mama mkwe wangu. Nimemtaja baba mkwe kwa jina. Tena ndani ya maombi.

Ngoja nianze kwa utaratibu, maana nikisisimka hivi huwa naanzia katikati.

Wanaonisoma hapa kwenye blogu wanajua kazi yangu ni cherehani na mazoea yangu ni kutunga maombi. Kanisani kwetu tuna kalenda yenye masomo ya kila siku. Asubuhi kabla sijaanza kushona nalisoma somo la siku hiyo mara mbili. Mara ya kwanza nasoma tu, nijue nani amefanya nini. Mara ya pili natafuta mahali panaponikera au panaponifurahisha, na hapo ndipo naanzia kumjibu Mungu. Naona somo ni kama mtu amenisalimia, na nyumbani kwetu tulifundishwa kwamba salamu hujibiwa. Halafu nakaa kwenye cherehani, naanza kukanyaga, na maneno yanakuja polepole. Nayasema kwa sauti, natoa hili, naongeza lile, mpaka yakae mdomoni bila kujikwaa. Nikimaliza kazi ndipo nakuja hapa kuyachapa.

Siku ya yule kipofu aliyeambiwa anyamaze akazidi kupiga kelele, niliomba nami nipewe kelele. Siku ya wale kumi waliopona ukoma akarudi mmoja kusema asante, nilimtaja mbele za Mungu kila mtu niliyesahau kumshukuru, kuanzia yule mama fundi aliyenifundisha kukata kola. Siku ya Martha na dada yake niligombana na Mungu kidogo, kwa kuwa mimi ni Martha na sijawahi kuona sufuria ikijiosha.

Hiyo ndiyo raha yangu. Wengine wana mpira, mimi nina kalenda.

Sasa, mama mkwe. Namwita Mwaitu, vile mume wangu Muthama anavyomwita, yaani mama. Ni mjane, anaishi peke yake Muthetheni na mbuzi wake na kunde zake, na ana kanisa lake ambako maombi hayasomwi hata kidogo. Kule mtu anafumba macho, anafungua mdomo, na yanayotoka yanatoka. Wifi yangu Mumbua, dada ya Muthama, akiombea chai unaweza kuikuta imeshapoa na maombi bado yako Babeli.

Pasaka iliyopita Mwaitu aliniambia niombe, na mimi kwa ujinga wa mgeni nikatoa karatasi. Nilikuwa nimechapisha maombi yangu mazuri kutoka hapahapa, yamepangwa kwa aya. Nikasoma. Katikati nikainua macho nikamkuta Mwaitu ananitazama kwa jicho moja. Nilipofika ameni aliitikia kwa adabu, akainuka kuongeza kuni, na akiwa ameinama pale mekoni akasema kwamba hata chifu husoma vizuri sana kwenye baraza.

Mumbua alicheka mpaka akatoka nje. Mimi nilitabasamu kama mtu aliyekanyaga mwiba akiwa na viatu vya kuazima.

Ningeweza kuyaacha hayo yapite, lakini kuna jambo. Nina mimba, imebaki kidogo nijifungue. Ile ya kwanza tuliipoteza mwaka juzi, mimba ikiwa imeshakuwa kubwa, na tangu daktari aliponiambia safari hii nisiiname ovyo wala nisibebe ndoo, nimekuwa nikihesabu kila mpigo wa tumbo. Muthama anafanya kazi kwenye machimbo ya mawe kule Lukenya, anakuja Jumamosi jioni na kuondoka Jumatatu kabla jua halijatoka. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa bado shule ya msingi. Hapa mjini nina majirani wazuri, lakini jirani ana nyumba yake.

Niseme wazi. Naogopa. Na mtu niliyekuwa namtaka karibu si dada wala rafiki wala msichana wa kazi. Nilimtaka Mwaitu. Amezalisha wanawake nusu ya kijiji chake kabla zahanati haijajengwa, mikono yake haitetemeki, na akiingia chumbani hata kuku wanatulia.

Muthama alimwomba aje kukaa nasi mpaka nijifungue. Alikataa. Alimwomba tena mvua zilipoanza, akakataa tena, akasema mbuzi wake hawajui kulishwa na mtu mwingine. Lakini Mumbua, ambaye siri kwake ni kama maji kwenye kikapu, aliniambia sababu ya pili. Mwaitu alisema hawezi kukaa nyumba moja na mke anayemwomba Mungu kama anayesoma risiti ya duka.

Hiyo ilinichoma. Ilinichoma kwa sababu maombi ndicho kitu kimoja ninachojua kukifanya kwa moyo wote, na hicho hicho ndicho kilichomfukuza.

Kila mwaka kabla ya Krismasi Mwaitu huwaita watoto wake nyumbani kwa ibada. Wanaimba, anachagua mtu mmoja wa kuomba, halafu wanakula. Jumanne Mumbua alinipigia simu kuniarifu kwamba mwaka huu nimeshachaguliwa mimi, nijiandae, na nisilete karatasi, tafadhali, kwa ajili ya amani ya dunia. Nikaamua hapohapo. Nitaomba bila kusoma, nitaomba vizuri, na tukishakula nitamwendea Mwaitu mimi mwenyewe, nimpigie magoti, nimwombe aje. Kama ni kukataa, akatae mbele yangu.

Nikafungua kalenda kuangalia somo la Alhamisi, siku ya ibada, nipate pa kuanzia.

Orodha ya majina.

Jamani. Siku zote za mwaka zenye miujiza na mikate na dhoruba, mimi nimeangukia ile siku ya ukoo. Fulani akamzaa fulani, fulani akamzaa fulani, kutoka Abrahamu mpaka unachoka. Nilisoma mara ya kwanza nikacheka peke yangu. Nilisoma mara ya pili nikitafuta pa kunikera, na palikuwa pengi, hasa Zerubabeli. Nilikuwa karibu kudanganya, nichukue zaburi ya siku nyingine yenye malisho na maji matulivu, Mwaitu angejuaje?

Lakini huo si utaratibu wangu. Somo limekusalimia, lijibu.

Jumatano nikakaa kwenye cherehani, nikatia gauni jekundu la mtoto wa jirani, nikaanza kukanyaga huku nikiyasema yale majina. Akamzaa, akamzaa. Mguu chini, mguu juu. Na baada ya muda nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona miaka yote. Katikati ya hao wanaume wanaozaana kuna wanawake wachache, na karibu wote ni watu walioletwa kutoka kwingine. Yupo Tamari aliyedanganywa na wakwe zake. Yupo Rahabu wa mji wa maadui. Yupo Ruthu, mgeni kabisa. Yupo mke wa Uria, ambaye hata jina hakupewa. Halafu Mariamu, msichana mwenye mimba ya kutia hofu.

Nilisimamisha cherehani. Mimi naitwa Mghoi, natoka Taita, nimeolewa Ukambani, Kikamba changu kinachekesha watoto, nina mimba, naogopa. Hawa ni watu wangu!

Nikapata moto. Maombi yakaja kama maji ya bomba lililokuwa limekatika siku nyingi, mwanzo yanakohoa, halafu yanamwagika. Na kwa kuwa somo ni ukoo, nikaona nami niseme ukoo wetu. Nani alimzaa nani, mpaka kufikia huyu aliye tumboni. Nikawataja wazazi wangu kwa majina yao. Nikamtaja Muthama. Na kabla ya Muthama, lazima kuwe na waliomzaa, nikawataja na wao.

Hapo ndipo kuna shida, na wasomaji wangu Wakamba tayari wameshika vichwa. Mke haruhusiwi kutaja majina ya wazazi wa mumewe. Ni heshima, na ni heshima nzito. Utasema baba wa Muthama, mama wa Muthama, utasema mwenye boma, lakini jina lenyewe halipiti mdomoni mwako. Hata ukizaa mvulana wa kwanza, ambaye hupewa jina la babu yake, wewe mama yake utamtafutia jina lingine la kumwitia uji. Nililijua hilo. Kwetu Taita nako tuna adabu zetu na wakwe.

Lakini nilikuwa peke yangu na cherehani, na maombi yenyewe yalitaka majina. Nilipojaribu kusema baba wa Muthama na mama wa Muthama wakamzaa Muthama, ilikuwa kama kumwambia mtu kwamba ugali umepikwa kwa ugali. Haina ladha. Nikajiambia: sasa hivi tunga na majina, kesho ukiwa mbele za watu weka heshima mahali pake. Nikayarudia hivyo mchana kutwa, gauni jekundu, gauni jeupe, gauni la maua, mpaka yakakaa mdomoni bila kujikwaa.

Msomaji, umeshaona kinachokuja. Mimi sikukiona.

Jana tulifika Muthetheni kabla ya saa sita. Machimbo yamefungwa kwa ajili ya mvua, kwa hiyo Muthama alikuwepo, amevaa shati nililomshonea, anatembea kama mwenye shamba. Na shamba lenyewe, baada ya ule ukame wa kutisha, lilikuwa la kijani mpaka macho yanauma. Mwaitu alinipokea vizuri, akanitazama tumbo, akanitazama miguu kama imevimba, akanipa kiti chenye mgongo.  Muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, ulikuwa jikoni, harufu yake inanifikia pale nje, na mimi ninapokuwa na hofu huwa nashikwa na njaa.

Tuliimba. Mumbua aliimba sana. Kisha Mwaitu akanyoosha mkono upande wangu na kusema kwamba leo mke wa Muthama atatuombea, na akaongeza kwamba tufumbe macho, wote. Ile wote nilijua inamhusu nani.

Nikafumba. Mikono haikuwa na kitu. Nikasema moyoni, Bwana, ni mimi na wewe, nishike.

Na nikaanza, na jamani, yalikuja! Nayaandika hapa kama nilivyoyasema:

Mungu unayejua kila aliyezaliwa, sisi huyaruka majina marefu tukisoma, wewe humruki mtu. Uliwaandika wafalme na ukawaandika waliowakosea wafalme. Ukamwandika Tamari aliyeonewa nyumbani alikoolewa, na Rahabu uliyemtoa mji mwingine, na Ruthu aliyekuja na mikono mitupu, na mke wa Uria aliyekosa jina, na Mariamu aliyeogopa. Hukuwaambia wakae mlangoni. Basi leo utusome na sisi.

Hapo nilisikia mtu akisema mmh, ile mmh nzuri ya kanisani. Nikapata nguvu. Nikawataja wazazi wangu wawili waliolala Taita, wakanizaa mimi, Mghoi. Na mdomo wangu, uliokuwa umezoezwa mchana kutwa, haukungoja nifikiri. Ukaendelea na mwendo wake. Ukasema jina la baba mkwe, lote, na jina la mama mkwe, lote, kwamba hao walimzaa Muthama.

Nilijisikia nikiyasema.

Muthama alinikanyaga mguu. Nilikuwa nimeshachelewa. Hakuna aliyesema mmh tena. Nilisikia mbuzi mmoja akilalamika nyuma ya nyumba na nilimwonea wivu, kwa kuwa yeye hakuwa mke wa mtu.

Ningenyamaza hapo. Mtu mwenye akili angesema ameni akakimbilia muthokoi. Lakini maombi yalikuwa hayajafika yanakokwenda, na mimi nilikuwa nimeshaharibu, nikaona afadhali niharibu kwa ukweli. Niliyamaliza:

Na Muthama na Mghoi wakampata mmoja, akaondoka kabla hatujamwona akitembea. Sisi hatukumpa jina. Wewe unalo. Usimruke. Na sasa yuko huyu, naye hana jina bado, na mimi ninaogopa, Bwana, ninaogopa kila asubuhi. Usiukomeshe ukoo huu kwangu. Nipe wa kunishika mkono, na ukinipa, nipe mwaitu. Ameni.

Ile ya mwisho sikuwa nimeitunga. Haikuwa kwenye cherehani, ilitoka yenyewe.

Nilifumbua macho nikiwa natazama chini.  Muthama alianza kusema kwamba Mwaitu, usimhesabie, ni uchovu. Mwaitu alimwinulia kiganja anyamaze. Alikuwa bado amefumba macho. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuwa anayafuta, na mimi nikajua nimeharibu kila kitu, mtoto atapokelewa na majirani.

Kisha akasema, macho bado yamefungwa, "Hiyo jina. Sema tena."

Sikuthubutu. Nikasema Mwaitu, nisamehe, lilinitoka.

"Mimi sijasema umekosa. Nimesema, sema tena."

Nikalisema. Polepole, kwa sauti ndogo, kama unavyompa mtu mzima kikombe kilichojaa. Jina lenyewe sitaliandika hapa. Ruhusa niliyopewa ni ya maombi, si ya mtandao.

 Halafu akatueleza, zaidi akimweleza Muthama kuliko mimi, kwamba tangu wamzike mwenye boma jina lake halijatamkwa ndani ya nyumba ile. Yeye kama mke alimwita siku zote baba wa Muthama. Watoto walimwita baba. Waliokuwa wakimwita kwa jina walikuwa watu wa rika lake, na wamekwisha mmoja mmoja. Mumbua alimpa mwanawe jina la upande wa mumewe, kama inavyotakiwa. Kwa hiyo jina limekaa tu, hakuna wa kulibeba, hakuna wa kuliita. Alisema kuna siku analitafuta kichwani akiwa shambani, ahakikishe bado lipo.

Sikujua. Kumbe heshima yetu yote ilikuwa imemnyamazisha mzee wa watu kabisa.

Baadaye akanigeukia. Aliniuliza yule mtoto wa kwanza alikuwa nani, mvulana au msichana. Tangu tumpoteze hatukuwahi kulizungumza, yeye na mimi. Aliniletea uji hospitalini siku ile, akanisuka nywele, akaondoka, na neno halikutamkwa. Nilimwambia alikuwa mvulana. Muuguzi aliniambia, na mimi nilimwambia Muthama peke yake.

Mwaitu alitikisa kichwa, akasogeza kiti chake mpaka magoti yetu yakagusana.

"Basi umedanganya Ngai kwa maombi," akasema. "Umesema hamkumpa jina. Kijana ya kwanza hapewi jina, anakuja nayo. Huyo alikuwa nayo. Ni hiyo umesema."

Hapo nililia, msomaji. Nililia kilio ambacho sikulia hospitalini. Mwanangu ana jina. Miaka hii yote nimekuwa nikimwita moyoni yule, yule mdogo, yule aliyeondoka, na kumbe alikuwa na jina zuri la mzee, akilala nalo. Muthama alitoka nje kuangalia mbuzi ambao hawakuhitaji kuangaliwa. Mumbua alikuja nyuma yangu akanishika mabega na hakuomba, alinishika tu.

Nilipoweza kuongea nilimuuliza Mwaitu kama sasa jina limeshatumika, huyu wa tumboni akiwa mvulana ataitwaje. Akanitazama kama niliyeuliza kama chumvi huisha kwenye bahari. Akasema ataitwa hivyo hivyo, jina si nguo ya kusema huyu ameshaivaa. Na akiwa msichana atapewa jina lake yeye Mwaitu, na itabidi nizoee kutafuta jina la kando la kumwita, kwa kuwa ruhusa ya leo si ya kila siku. Kwenye maombi nitaje, kwa sababu mbele ya Mungu hakuna mkwe. Nikiinuka kwenye maombi, adabu irudi.

Tukala. Muthokoi ulikuwa umeshikana chini kwa sababu hakuna aliyeukumbuka, na ulikuwa mtamu kuliko kitu chochote nilichokula mwaka huu.

Na lile ombi langu la kupiga magoti? Sikulifikia. Nilipokuwa nikisukuma sahani nijiandae kuanza, Mwaitu alimwambia Mumbua kwamba mbuzi atawaacha kwake, wale wawili wakorofi afunge kamba fupi. Halafu akaingia chumbani, akatoka na kiondo, kikapu chake cha safari, kimeshajazwa. Kilijazwa lini? Nimejiuliza njia nzima. Muthama anasema mama yake hawezi kupanga kiondo kwa haraka, kwa hiyo kilikuwa kimepangwa kabla hatujafika. Mumbua anasema hapana, alimwona akiingiza leso baada ya maombi. Mimi sitaki kujua. Ningependa kuamini vyote viwili.

Mwaitu yuko nyumbani kwangu ninavyoandika hivi! Amelala kwenye kile chumba cha vitambaa, amezungukwa na magauni ya Krismasi, na asubuhi alikuwa ameshanipangia upya sufuria zote. Sijui kijiko cha chai kiko wapi. Sitauliza.

Lakini sijaeleza kilichonileta hapa nikikimbia, kwa kadiri mwanamke wa tumbo langu anavyoweza kukimbia.

Asubuhi ya leo nilikaa kwenye cherehani na kalenda yangu, kimya, nisimsumbue. Akaja akasimama mlangoni na kikombe. Akaniuliza leo wamesoma nini. Nikamsomea: leo ni Yosefu, amegundua mchumba wake ana mimba, anataka kumwacha polepole bila kelele, halafu anaota. Mwaitu akakaa juu ya rundo la vitambaa akasikiliza mpaka mwisho. Aliniuliza natungaje. Nikamweleza vile ninavyofanya, kutafuta mahali panapokera au panapofurahisha, na kujibu. Aliguna. Alisema yeye maombi yake huja yenyewe, lakini wakati mwingine huja yale yale ya jana, na amechoka kumsikilizisha Mungu wimbo mmoja.

Sikuamini masikio yangu. Nikakanyaga cherehani haraka haraka nisionyeshe uso.

Halafu akasema kwamba kabla ya huyo Yosefu, turudie kidogo yale ya jana, ya majina. Nikasema Mwaitu, somo la jana limepita. Akasema majina hayaishi siku moja, na kwamba nilikuwa nimeanzia karibu mno. Niliwataja yeye na mumewe, lakini wao walizaliwa na nani? Mume wake alikuwa na mama, na huyo mama ndiye aliyempokea yeye akiwa msichana mdogo, akamfundisha kupika na kumlaza mtoto, na akafa akimshika mkono. Mama mkwe wake. Tangu aolewe hajawahi kutamka jina la yule mwanamke. Hata kwenye mazishi.

Aliweka kikombe chini. Akanivuta mkono niache cherehani. Akafumba macho.

Nilifumba pia, lakini nakiri nilifungua jicho moja.

Aliomba kidogo tu. Alisema, "Ngai, mke wa Muthama ameniambia kwako hakuna mkwe." Ni yeye aliyeniambia mimi, lakini sikumsahihisha. Kisha akajaribu kulisema jina na likakwama.  Akajaribu tena na likatoka, jina fupi, la zamani, ambalo sijawahi kusikia mtu akiitwa. Na aliposikia limetoka, mama huyu mwenye mikono isiyotetemeka alijifunika mdomo na leso na kuanza kucheka, akacheka mpaka mabega yakatikisika, kama msichana aliyeiba maziwa na hakuna aliyemwona. Mtoto tumboni akanipiga teke. Nikachukua mkono wa Mwaitu nikauweka pale, na yeye akiwa bado anacheka akamwambia huyo wa ndani jina lile kwa mara ya pili.

Sasa naomba nilipie muda wangu hapa nirudi nyumbani, vifungo vinaningoja. Kesho kalenda itatusalimia na habari za nani, sijui, sijachungulia. Mwaitu amesema nisifungue kabla hajaamka.